Taa Inayokonyeza

Mzee Lukumani hakuwa mtu wa makuu. Mji mzima wa Kasongo ulimjua kwa duka lake la vitenge na sukari karibu na soko, kwa kofia yake nyeupe isiyoshika vumbi, na kwa tumbo lake ambalo siku zote lilifika mlangoni kabla yake. Ndiyo maana watu walisimama barabarani na vikapu vichwani siku lori la Kalemie lilipomshushia mbele ya nyumba gari jekundu la mbio, la Kijapani, la zamani, lililolala chini kama linajificha, lenye milango miwili, viti viwili, na taa za mbele zinazofumbuka kama macho ya chura.

Alikuwa amelipata kwa mdogo wake Amisi wa Kalemie, kwa kubadilishana na mapipa ya mawese. Amisi alifurahia mawese. Mzee Lukumani alifurahia gari. Ambaye hakufurahi ni Mama Hawa, mke wake.

"Viti viwili," alisema, akilizunguka gari mikono kiunoni. "Muzee, mu hii nyumba tuko watu munane. Hiyo gari ni ya kumukimbia nani?"

Mzee aliliendesha mara moja tu, kutoka kwenye lori mpaka uani. Kuingia, aliingia kwa bismillahi. Kutoka kulihitaji wanaume watatu, mmoja akivuta mkono, mwingine akisukuma kiti, wa tatu akitoa mashauri. Na kabla hawajamaliza kumng'oa, pale mbele ya usukani ikawaka taa ndogo ya manjano yenye picha ya moteri, yaani injini, na haikukubali kuzimika. Tangu siku hiyo kila gari lilipowashwa lilikohoa, likatema moshi mweusi unaonuka esanse, petroli mbichi, kisha likafa. Mzee aliendelea kuliogesha kila asubuhi kwa sabuni ya mche kama kwamba lilikuwa na homa tu na litapona.

Jambo hili lingeweza kungoja, lakini Jumamosi wageni walikuwa wanakuja kutoka Kabambare. Walikuwa wazee wa Ayoubu, mfanyabiashara aliyezunguka na pikipiki kati ya Kabambare na Salamabila, na safari yao ilikuwa ya kumposa Rachida. Mzee Lukumani alikuwa ameshaota ndoto: atawapokea pale mji unapoanzia, yeye ndani ya gari jekundu, kioo kimeteremshwa, kiwiko nje.

Rachida mwenyewe hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, amemaliza sekondari kwa masista, na ndiye aliyeshika mzani wa dukani. Akina mama wa soko walipenda kupimiwa naye kwa sababu mkono wake haukuwahi kumwibia mtu hata kijiko cha sukari. Alipoulizwa juu ya Ayoubu alinyamaza, na baba yake akauhesabu ule ukimya kuwa ni haya. Haikuwa haya. Ayoubu alikuwa mtu mwema, ila alipokuja mara ya kwanza alizungumza juu ya mgongo wake, unavyouma barabarani, tangu chai mpaka adhana. Na tena moyo wa Rachida ulikuwa bado umekwama mahali pengine, ingawa angekatwa ulimi kabla ya kukiri.

Mahali penyewe paliitwa Nathanaël.

Mwaka uliopita Nathanaël, mtoto wa katekista François, alikuja na mjomba wake Zéphirin kumwomba Rachida. Walileta mbuzi. Wakati Zéphirin anatafuta maneno mazuri, mbuzi aliingia dukani akala nusu ya kitenge kipya. Lakini si mbuzi aliyeharibu mambo. "Mutoto wa katekista," Mzee Lukumani alisema akisimama, "hataingia mu familia yangu hata kwa dirisha." Usiku ule Nathanaël alimwambia Rachida kwa simu kwamba atarudi kuomba tena mvua zikiisha. Akaenda Salamabila kutunza mashine za wachimba dhahabu. Mvua ziliisha, zikaanza tena. Badala ya Nathanaël kilikuja kitu kimoja tu, uvumi ulioletwa na muuza samaki: kijana yule sasa ana Chimène. Halali usiku bila Chimène. Hamwachi Chimène hata Jumapili.

Rachida alilia siku mbili nyuma ya magunia ya mchele, akimwambia kila mtu kwamba ni vumbi la pumba.

Sasa Nathanaël alikuwa amerudi mjini tangu wiki iliyopita, hakuja hata kusalimu. Na Alhamisi ile, baada ya mafundi wa pikipiki kulitazama gari na kutikisa vichwa, Mama Hawa alimaliza kuchambua majani ya sombe, akajipangusa mikono, akasema kwa sauti ya mtu asiye na habari:

"Ule mutoto wa katekista alifanya kazi mu garaji ya Kalemie. Alikuwa anatengeneza gari za namna hii."

Mzee alitazama mbingu. Akatazama gari. Gari lilishinda.

Ndivyo ilivyokuwa Nathanaël akaingia katika uwanja wa Mzee Lukumani, si kwa dirisha bali kwa lango kubwa, na Mzee mwenyewe ndiye aliyemfungulia.

Rachida alikuwa ameapa kutomtazama. Alifaulu mpaka alipoinua macho. Amekonda, alifikiri, na mara akajikasirikia kwa kuwaza hivyo. Shati lake la bluu lilikuwa limepauka mabegani, na bado alikuwa na ile tabia ya kuinamisha kichwa kidogo upande anapotaka kusema neno na hajui aanzie wapi.

"Shikamoo, Muzee. Shikamoo, Mama. Rachida, habari ya siku?"

"Gari iko pale," alisema Rachida.

Nathanaël akafungua kapo, kile kifuniko cha moteri. Akachungulia, akanusa, akafungua kisanduku kidogo cheusi kilichokuwa pembeni ya moteri, kikiwa na vitundu ndani.

"Muzee, hii gari inajua ugonjwa wake," alisema. "Nikiunganisha hivi vitundu viwili na waya, ile taa ya manjano itaanza kukonyeza. Inakonyeza makumi kwanza, inapumua kidogo, halafu inakonyeza mamoja. Hiyo namba ndiyo inatuambia wapi panauma. Lakini mimi lazima nikamate waya hapa. Inaomba mutu mwingine aingie ndani, aweke kontakti bila kuwasha moteri, na ahesabu."

Mzee Lukumani alipiga hatua moja kuelekea mlango wa gari. Familia nzima ilivuta pumzi. Akakumbuka wale wanaume watatu, akarudi nyuma.

"Mama Hawa, ingia."

"Mimi? Mu hiyo jeneza nyekundu? Sijafa."

Wote wakamgeukia Rachida.

Basi akaingia. Kiti kilikuwa chini sana, alijiona kama amekaa ndani ya beseni. Mbele yake kapo lilikuwa limesimama wima, likimficha Nathanaël wote isipokuwa kiwiko kimoja. Mzee Lukumani alivuta kiti chake cha kamba mpaka karibu na mlango uliokuwa wazi, akakaa, akatoa tasbihi, akafumba macho nusu. Alikuwa mlinzi sasa, na mlinzi wa kweli hahitaji kusema.

"Weka kontakti," ilisema sauti nyuma ya kapo.

Akazungusha ufunguo. Taa ya manjano ikakonyeza. Moja, mbili. Ikapumua. Moja, mbili. Kisha kimya kirefu kidogo, na tena vilevile. Mbili na mbili. Ishirini na mbili. Mtoto wa shule ya chekechea angeiona.

"Umeona ngapi?" aliuliza Nathanaël.

Rachida alifungua mdomo kusema ishirini na mbili. Halafu akafikiri: nikisema, atatengeneza, ataondoka. Atapanda mlima wa misioni kwa baba yake na lile shati lake lililopauka na sitamuuliza kitu. Na akafikiri tena, kwa uchungu mkubwa zaidi: aondoke haraka hivyo, arudi kwa Chimène? Aungue kwanza na jua.

"Nne," alisema. "Na moja."

"Makumi ine na moja?"

"Hukusikia? Ao masikio uliyaacha Salamabila?"

Kiwiko kilisogea. "Nimesikia. Hiyo ni kwa upande wa pedali ya esanse. Acha niangalie."

Alifungua kitu, akakipangusa, akakirudisha. Jua lilipanda juu ya paa la bati. Rachida alikiangalia kile kiwiko.

"Iko muzima," alisema Nathanaël. "Tuhesabu tena."

Taa ikakonyeza mbili na mbili, bila aibu.

"Tano, na mbili," alisema Rachida.

"Ilikuwa makumi ine na moja. Sasa ni makumi tano na mbili?"

"Mimi ndiye niliyetengeneza gari? Vitu vinabadilika. Watu wanabadilika, kwa nini namba isibadilike?"

Tasbihi ya Mzee ilisimama, kisha ikaendelea.

"Makumi tano na mbili," Nathanaël alisema polepole, "inasema moteri iko inagonga ndani."

"Inagonga sababu gani?"

"Pengine walitia esanse mubaya. Pengine iliachwa muda murefu."

"Iliachwa," alisema Rachida. "Ndiyo. Hapo umepata. Iliachwa muda murefu bila salamu, bila neno, na mwenyewe yuko mahali anapakaa wengine mafuta."

Kiwiko kilitoweka. Uso wa Nathanaël ukatokea pembeni ya kapo, una alama nyeusi ya grisi puani, na macho yake yakamtafuta kupitia kioo. Macho yale aliyajua. Yalikuwa na maswali, na pia, jambo lililomchoma, yalikuwa na furaha kidogo.

"Rachida, uko unazungumza juu ya gari?"

"Juu ya nini tena?"

Akarudi nyuma ya kapo. Kisha akasema ana kiu. Mama Hawa akamwelekeza kwenye mtungi chini ya ukuta. Alikunywa taratibu, kata nzima, na Rachida alitazama koo lake likipanda na kushuka. Hakutazama kitu kingine chochote. Aliporudi kazini walihesabu tena. Mara hii Rachida alisema mbili na sita.

"Makumi mbili na sita," alisema Nathanaël, na sauti yake ilikuwa na kicheko kilichobanwa, "mu hii moteri haiko."

"Basi Chimène ni namba gani?"

Neno lilimtoka lenyewe. Angeweza, angelimeza tena, lakini lilikuwa limeshafika uani, limesimama katikati pale, watu wote wanalitazama. Kilisikika kishindo: kichwa cha Nathanaël kimegonga kapo.

"Chimène?" alisema, akijishika utosi. "Ni nani amekuambia habari ya Chimène?"

"Kasongo muzima inajua! Haulali bila yeye. Haumwachi hata siku ya Mungu. Ndoa ya kanisani mulifunga huko Salamabila, ao munangojea baba yako aje abariki?"

Nathanaël alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye bampa. Rachida hakuwa amewahi kumchukia mtu kama alivyomchukia dakika ile. Aliteremka kutoka garini, jambo ambalo kwa gari lile ni sawa na kutoka kisimani, mtandio ukanasa kwenye mlango, akaunasua kwa hasira.

"Cheka! Cheka vizuri!"

"Rachida, Chimène ni pompe."

"Ni nini?"

"Pompe ya maji. Mashine. Ya kunyonya maji mu shimo. Patron, mwenye shimo, aliipatia jina la bibi yake, aliliandika na rangi nyeupe. Ikisimama usiku, shimo linajaa, watu wanakufa. Ndiyo maana nilikuwa nalala karibu yake."

"Pompe," alisema Rachida. "Una akili sana. Miezi yote hiyo, na hiyo ndiyo uongo umepata."

Mzee Lukumani alifumbua macho kabisa. "Nani huyu Chimène?" aliuliza, lakini kabla hajajibiwa, pikipiki ilinguruma langoni, na akaingia Ayoubu mwenyewe, ametapakaa vumbi jekundu tangu nyusi mpaka viatu. Alikuwa ametangulia wazee wake ili aandae mambo. Alishuka kwa awamu, mguu mmoja kwanza, kisha nusu ya kiuno, kisha kilichobaki, akilalamika kwa kila kiungo.

"Asalaam aleikum. Muniwie radhi, huu mugongo."

"Waleikum salaam. Karibu, Ayoubu," alisema Mzee. "Umekuja wakati muzuri. Wewe ni mutu wa Salamabila. Chimène, unamujua?"

Rachida alitaka ardhi ipasuke. Uso wa Ayoubu ulikunjamana.

"Chimène? Nani asiyemujua, Muzee! Mungu aniepushe naye. Analia usiku muzima. Nilipanga nyumba karibu, sikupata usingizi juma nzima."

"Analia?" Mama Hawa alisogea karibu.

"Kelele, Mama! Na akinyamaza tu, wanaume wanatoka mu nyumba zao wanakimbia kwenda kumuangalia. Hakuna aliyemuweza isipokuwa huyu kijana." Alimwonyesha Nathanaël kwa kidole chenye vumbi. "Huyu ndiye alikuwa anajua kumutuliza."

Rachida alihisi machozi yakija, na alikuwa amechoka kuyasingizia pumba. Nathanaël aliinua mikono miwili. "Ayoubu, ndugu yangu, tafazali, waambie—"

"Nawaambia! Siku moja nilipita karibu, nimevaa suruali nyeupe ya Idi, akanitapikia matope tangu hapa mpaka hapa. Bomba lake lilikuwa limefunguka. Na kamba ya kumuwashia ikakatika, ikamupiga mutu mudomo. Mashine mubaya sana. Mimi ningemutupa mutoni."

Kuku mmoja alipita.

"Bomba," alisema Mama Hawa, akimgeukia binti yake.

"Kamba ya kumuwashia," alisema Mzee Lukumani.

Rachida alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Aibu ilimpanda mpaka kwenye masikio, na chini ya ile aibu kilikuwa kinachemka kicheko ambacho hakuwa na haki nacho. Miezi mingapi amekuwa akimwonea wivu bomba la maji! Alipothubutu kuchungulia, Nathanaël hakuwa anacheka tena. Alikuwa anamtazama tu, kichwa kimeinama upande.

"Sasa," alisema Mzee Lukumani, "na mimi niseme yangu." Aliweka tasbihi mfukoni. "Rachida, ile taa imekonyeza mara ngapi?"

"Baba?"

"Niko hapa mulangoni tangu asubuhi. Mulifikiri nasinzia. Mbili, halafu mbili. Kila mara. Hata mara moja haikuwa ine, haikuwa tano. Wewe ndiye unakamata mizani yangu. Hujawahi kumudanganya mutu kijiko cha sukari. Leo umenidanganya mbele ya macho yangu mara tatu. Sababu gani?"

Rachida aliteremsha mtandio. Alifikiri juu ya joto, juu ya macho kuchoka, juu ya sababu nyingine nyingi ambazo zingefaa. Hakuna hata moja iliyokubali kutoka.

"Nilitaka abakie, Baba," alisema. "Nilikuwa na kasirani naye, na nilitaka abakie."

Mzee aligeuka polepole kumtazama Nathanaël, na Nathanaël akasimama kutoka kwenye bampa.

"Na wewe. Ulisema ule waya lazima uukamate na mukono. Ulipoenda kunywa maji, uliuacha pale pale. Taa iliendelea kukonyeza."

Mama Hawa aligeuza uso ukutani, mabega yake yakitikisika.

"Ni kweli, Muzee," alisema Nathanaël. "Waya unaweza kukaa peke yake. Ningeuacha na kuja kuhesabu mwenyewe. Lakini basi yeye asingeingia mu gari, na mimi nisingesikia sauti yake. Mara ya kwanza tu aliposema makumi ine na moja, nilijua anadanganya. Sonde ya joto ndiyo imeharibika, ile inayoambia kompyuta kama maji yamepata moto. Nimeona waya wake umekatwa na panya, nafikiri mu lori, walichanganya gari na magunia ya mahindi. Kompyuta inaamini iko mu barafu, inamwaga esanse ovyo. Ni kazi ya muda mufupi. Niliirefusha."

"Watu wawili," alisema Mzee Lukumani, "wanadanganya juu ya taa moja." Alitikisa kichwa, na haikuwa wazi ni hasira au ni kitu kingine. "Nikikuomba usilimu ili upate binti yangu, utasilimu?"

Rachida alishika mlango wa gari. Swali hili lilikuwa halijaulizwa mwaka uliopita. Mwaka uliopita hakuna aliyeulizwa kitu.

Nathanaël alipiga hatua moja kumkaribia Mzee. "Muzee, leo nimekudanganya juu ya waya, na imetosha. Nikisema ndiyo ili nimupate Rachida tu, nitakuwa nimekudanganya wewe na Mungu pamoja. Siwezi. Kitu naweza kuahidi ni kwamba hakuna siku nitamuzuia kusali, na mwezi wa Ramazani mimi ndiye nitaamuka kumuwashia moto wa daku. Lakini nafahamu kama jibu yako ni ile ile."

"Jibu mubaya," alisema Mzee.

"Ndiyo, Muzee."

"Lakini ni ya kweli." Alijikaza, akasimama, kiti kikalia. "Ayoubu, mwanangu, umesikia mwenyewe. Nimekuletea aibu. Wazee wako wako njiani."

Ayoubu alikuwa ameshajilaza kwenye mkeka kivulini bila kukaribishwa. Aliinua kichwa, na usoni kwake hapakuwa na huzuni nyingi. "Muzee, mimi shangazi yangu ndiye anataka hii harusi. Mimi nikiwaza kwamba kila sikukuu nitapita ile barabara ya Kabambare kuja ukweni, mugongo wenyewe unakataa. Wazee waje, wale wali, wasalimie. Nitasema mimi ndiye nimeshindwa. Ila mutu anipatie mafuta ya kujipakaa."

Mama Hawa alikuwa ameshaenda kuyaleta. Hakuwa amewahi kumpenda Ayoubu kama dakika ile.

Adhana ya Adhuhuri ilipaa juu ya mabati ya soko. Mzee Lukumani alirekebisha kofia yake.

"Sijasema ndiyo," alimwambia Nathanaël. "Usiende kusimulia kwa misioni kwamba nimesema ndiyo. Mwambie mujomba wako aje Jumapili, jua likipoa. Tutabishana. Mwaka jana nilimubishia nikiwa nimesimama. Mara hii nitakaa. Na asilete mbuzi."

Akatoka langoni bila kugeuka.

Nathanaël aliuunga waya uliokatwa, akaufunga na utepe mweusi wa gundi, akachomoa fizible moja, fyuzi ya kompyuta, na kuirudisha ili kompyuta isahau ugonjwa wa zamani. Rachida alisimama kando ya kapo, si karibu sana, si mbali. Sasa kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuhesabu, maneno yalikuwa mazito.

"Wiki nzima uko mjini," alisema hatimaye. "Haukuja."

"Niliogopa."

"Baba?"

"Wewe. Salamabila simu inashika juu ya kilima tu, lakini si sababu. Nilipanda kile kilima mara nyingi. Nilifikiri nikikupigia utaniambia umekubali mutu mwingine. Nikawa nashuka. Bila kupiga, nilikuwa bado sijakataliwa."

"Na mimi hapa nilikuwa naona wivu wa pompe."

"Ni pompe nzuri," alisema Nathanaël, na alipomwona anavyomtazama akaongeza haraka, "kwa kazi ya maji tu."

Hapo Rachida alicheka, cheko lililokuwa limekaa kifuani tangu mvua za kwanza, likatoka lote. Nathanaël alinyoosha mkono, akakumbuka una grisi, akaurudisha. Rachida aliuona ulivyorudi. Aliushika mwenyewe, palepale penye grisi, akaubana mara moja, akauachia kabla mama yake hajageuka na chupa ya mafuta.

"Zéphirin akija Jumapili," alisema kwa sauti ya chini, "atanikuta nimevaa kitenge kipya. Hiyo ndiyo jibu yangu. Lakini ukinyamaza tena siku tatu, mimi mwenyewe nitakuja Salamabila kumuvunja Chimène na nyundo."

"Nimesikia."

Rachida akaingia garini, akazungusha ufunguo. Moteri iliguna, ikashika, ikanguruma laini bila moshi. Taa ya manjano ilizimika. Taa za mbele zikafumbuka zote mbili.

"Inatembea!" alisema Rachida. "Panda."

Nathanaël alipanda upande wa pili, magoti yakimfika kidevuni. "Rachida, unajua kuendesha?"

"Hapana," alisema, na akaachia pedali.

Gari liliruka kama limeumwa. Kuku walitawanyika, Ayoubu aliinuka mkekani bila kukumbuka mgongo, Mama Hawa alipiga yowe la mtu anayefurahi. Walipita langoni kwa upana wa kidole. "Kushoto! Breki! Si hiyo, ile ingine!" Nathanaël alipaza sauti, akicheka na kuomba msaada wa watakatifu kwa pamoja, na Rachida, mtandio umemwangukia mabegani, alikata kona ya soko kati ya baiskeli mbili na mama wa ndizi aliyebaki mdomo wazi. Mbele ya msikiti aliachia pedali ambayo hakupaswa kuiachia. Gari likaruka mara ya mwisho, likazimika, katikati ya barabara, sawasawa na mlango, wakati waumini wanatoka.

Wote walisimama, viatu mikononi. Mbele yao, na kofia yake nyeupe, alikuwa Mzee Lukumani.

Rachida aliinama juu ya usukani. Kupitia kioo kilichoteremshwa alisikia mzee mmoja akiuliza:

"Lukumani, hiyo si gari yako? Nani anaendesha?"

"Mutoto wangu," alisema baba yake.

"Na ule kando yake?"

Rachida hakuthubutu kupumua. Kando yake Nathanaël naye alikuwa ameacha kupumua.

Mzee Lukumani alivaa kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, bila haraka.

"Ule?" alisema. "Kwa leo, ni fundi."